Maboksi manne ya Utange: shajara ya nyumba ya Mama

6 Oktoba 2024

Ngazi za nyumba anayokaa Mama, Mji wa Kale wa Mombasa, ni 34. Nimezihesabu leo nikipanda nyuma yake, mkono wangu mgongoni mwake, naye kila baada ya ngazi saba au nane anasimama na kujifanya ana jambo la kunihadithia. Magoti yamekataa. Daktari alishasema, na Mama alishakana kwamba daktari amesema.

Kiwanja cha Utange tunacho tangu 2017, mimi na kaka yangu aliye Doha. Hati iko kwa majina yetu mawili, na wiki iliyopita nimefanya sachi nyingine, yaani kuuliza ofisi ya ardhi ni nani aliyeandikishwa, maana ardhi ya upande wa Kisauni huifanyii sachi mara moja ukalala. Kaka anataka Mama awe ameshahamia Idd ikifika, yaani mwisho wa Machi. Nikamwambia nyumba ya mawe haisimami kwa miezi sita, hasa kwa pesa zinazokuja kidogo kidogo. Jirani yetu wa Utange alianza kujenga 2019. Mpaka leo kuta zimeishia kwenye lenta na mpapai umeota palipokusudiwa sebule.

Ndipo kaka akaleta hili la nyumba ya kiwandani, inayotengenezwa huko na kuletwa kwa lori. Naandika shajara hii kwanza asiniulize jambo moja mara tatu, pili kwa sababu kila niliyemwambia amecheka, nami nataka kuwe na kumbukumbu.

19 Oktoba

Nimepanda treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo, nikashuka Athi River. Eneo lile lina viwanda vya namna mbili ambavyo watu huvichanganya, hata mimi nilivichanganya.

Namna ya kwanza ni paneli. Shirika la Nyumba la Taifa linacho kiwanda chake Mavoko: paneli za povu jeupe, kama lile linalofungiwa televisheni mpya, zikiwa na wavu wa waya pande zote mbili. Unazisimamisha kwenye kiwanja, kisha unazipiga zege au plasta juu yake. Ni nzuri na ni nyepesi, lakini bado ni mjengo: mchanga, maji, saruji, mafundi, na mlinzi wa usiku wa kuhakikisha saruji haitembei.

Namna ya pili ni maboksi. Chumba kinatoka kiwandani na sakafu, kuta, dari, madirisha, nyaya ndani ya ukuta na mabomba chini ya sakafu. Fremu ni ya chuma, na kiwanda nilichokitembelea kimefuata kipimo cha kontena la futi 20 makusudi, urefu milimita 6,058 na upana 2,438, ili boksi likae kwenye trela yoyote inayobeba makontena bila kibali cha mzigo mpana. Maboksi manne yakipangwa ubavu kwa ubavu yanakupa mita za mraba 59. Vyumba viwili vya kulala, sebule, jikoni, choo na bafu. Kwa mama mmoja na wajukuu wa likizo, yatosha.

Kijana wa mauzo alikuwa anajua kazi yake, ila alikuwa anaijua kazi ya Nairobi. Nilipomuuliza kuhusu chumvi ya hewa ya pwani, ile inayokula chuma, alinionyesha rangi. Rangi si kitu. Nilitaka kujua kilicho chini ya rangi. Mwishowe akaja mhandisi wao, akaniambia mabati ya ukuta yana zinki gramu 275 kwa kila mita ya mraba, ukijumlisha pande zote mbili. Hiyo ni habari. Nikauliza na bolti je? Akasema "za kawaida". Nikaandika "za kawaida" kwenye daftari na nikapita. Laiti ningesimama hapo.

Bei ya maboksi manne ni shilingi milioni 2.3. Nusu mwanzo, asilimia 40 kabla hayajatoka getini, asilimia 10 baada ya kufungwa na kukaguliwa.

27 Oktoba

Mama amekataa, halafu amesoma ramani.

Kukataa kwake kulikuwa hivi: "Mwanangu, mimi nimetoka kwenye nyumba ya kubebeka, sirudi." Alikulia Majengo, nyumba ya udongo na mabati ambayo baba yake aliijenga kwa jasho lake juu ya ardhi isiyokuwa yake. Mombasa ndivyo watu wengi walivyoishi na bado wanavyoishi: nyumba yako, ardhi ya mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya kukanyaga chini. Ardhi ilipouzwa waliambiwa wahame. Wakang'oa mabati, boriti, milango na fremu za madirisha, wakazipakia mkokotenini. Kuta zikabaki zinanyeshewa. Kwa hiyo nikimwambia nyumba hii yaja kwa lori, yeye anamwona mtu siku moja akija na lori jingine kuichukua. Nilimwonyesha hati. Akasema hati ni karatasi. Nikamwambia itafungwa kwa bolti kwenye zege. Akanyamaza, akaomba miwani.

Nilikuwa nimemletea ramani ya kiwanda ili aone chumba chake tu. Akaigeuza, akaigeuza tena, akauliza: "Kaskazi ni wapi hapa?"

Nikamwonyesha mshale.

"Na kusi watoka huku?"

Ndiyo, nikamwambia, kusi wavuma kutoka chini ya karatasi.

"Basi huyu aliyechora ametia choo mlangoni mwa upepo. Kuanzia Aprili mpaka Septemba harufu yote ya choo itapita sebuleni kwanza, ndiyo itoke. Na choo chenyewe kimetazama wapi? Kimetazama kibla!"

Nilikuwa na ramani ile siku nane. Nimeikuza kwenye simu, nimehesabu soketi, nimebishana nao kuhusu rangi ya vigae, wala sikuliona hilo. Makka iko karibu kaskazini halisi mwa Mombasa. Longitudo yetu na yao zinapishana kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja. Kwa hiyo hapa kwetu bakuli la choo hulazwa mashariki kwa magharibi, usikielekee kibla wala usikipe mgongo, na kila fundi wa Kisauni anajua bila kuambiwa. Aliyekaa Athi River ataambiwa na nani?

Akaendelea na kalamu ya mjukuu. Madirisha ya maboksi ya katikati lazima yawe ncha zote mbili, kusini na kaskazini, yatazamane, ili kusi upite na kaskazi urudi. Ramani ilikuwa na dirisha upande mmoja na tundu la kiyoyozi upande wa pili. Upande wa jua la jioni asione dirisha hata moja. Jiko liwe kaskazini-magharibi. Na baraza. "Nyumba bila baraza, wageni nitawaketisha wapi, chumbani?"

Baraza haliingii ndani ya boksi, nikamwambia, hilo tutalijenga wenyewe.

"Mlijenge," akasema, na hapo nikajua amekubali.

15 Novemba

Kiwanda kimekubali mabadiliko yote kwa nyongeza ya shilingi 85,000, kwa sababu chuma kilikuwa hakijakatwa. Mhandisi aliniambia bakuli la choo lingegeuzwa baada ya sakafu kutobolewa, wangelazimika kutengeneza sakafu mpya ya boksi zima. Ukuta wa jikoni nimeomba uwe na pamba ya mawe katikati badala ya povu, maana pamba ya mawe haishiki moto.

Michoro imepigwa mihuri ya msanifu na mhandisi, imepita kaunti, na mradi umeandikishwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Nyumba ya kiwandani haikuepushi na hatua hizi; watu wengi hudhani inaepusha. Nusu ya pesa nimetuma.

8 Desemba

Msingi. Nilidhani hii ndiyo sehemu rahisi: nguzo fupi 15 za zege, safu tatu za nguzo tano, kimo cha sentimita 60 juu ya ardhi ili upepo upite chini na mchwa waonekane wakipanda. Utange kuna mchanga mwekundu juu, chini yake mwamba wa matumbawe. Fundi alifurahi alipogonga mwamba, akasema hapa hata ghorofa tatu yasimama.

Nguzo ya 14 ikamjibu. Alipiga mtaimbo kusafisha uso wa mwamba, mtaimbo ukaingia wote, ukapotea. Matumbawe ndivyo yalivyo, juu ni magumu na ndani yana mashimo yaliyochimbwa na maji miaka na miaka. Tukachimba hadi mita 1.4 kupata sakafu ya lile tundu, tukalijaza zege lenye nondo. Wheelbaro 22 za zege ndani ya shimo moja. Tangu hapo kila nguzo tumeipiga mtaimbo sehemu tano kabla ya kumwaga, na hatukupata jingine.

Usawa fundi ameupima kwa mpira wa maji, mpira mwembamba wa kuonea ndani uliojazwa maji, mtu mmoja huku na mmoja kule. Kiwanda kinataka tofauti isizidi milimita tano kati ya nguzo na nguzo. Nilikodi kifaa cha miale kwa nusu siku kuhakiki, nikaona aibu: tofauti kubwa kabisa ilikuwa milimita tatu.

Bolti za msingi zimezamishwa kwenye zege. Nilimtumia fundi picha ya ramani kwa WhatsApp, ukurasa wa pili.

21 Januari 2025

Wamenitumia picha, maboksi yamesimama mstari mmoja kiwandani, meupe, yanapendeza. Mama ameuliza mbona yana sura ya friji.

Amenitia wasiwasi. Kule Maputo kuna nyumba ya chuma iliyoletwa vipande vipande kutoka Ulaya mwaka 1892 ikae gavana, ikawa haikaliki kwa joto. Bati likipigwa na jua la Februari pwani, povu la milimita 75 linachelewesha joto tu, haliliondoi. Nimeshaamua: juu ya paa la maboksi litakuja paa la pili la mabati, limeinuliwa sentimita 60 upepo upite katikati, na limetokeza nje mita moja na robo kila upande. Kuta za mashariki na magharibi zipate kivuli, na baraza lipate paa bila gharama nyingine. Kaka ameuliza kama hiyo imo kwenye milioni 2.3. Haimo.

12 Februari

Nimelala kwa muda wa saa tatu tu usiku wa kuamkia leo. Naandika kabla sijasahau mpangilio.

Trela mbili, maboksi mawili mawili, zilipita mizani ya Mariakani jana mchana, zikasubiri Miritini mpaka msongamano upungue, zikavuka Makupa na Daraja la Nyali baada ya saa tano usiku. Barabara ya Malindi hadi njia ya kuingia Utange ilikuwa tupu. Hapo ndipo dereva wa kwanza aliposhuka, akaiangalia kona yetu kwa tochi, akanicheka kwa adabu. Trela ya futi 40 haikati kona ile. Nilikuwa nimepima upana wa njia, mita 4.1, nikasema inapita. Sikupima kona.

Kwa hiyo alfajiri kreni ya tani 25 ilianza kazi barabarani badala ya kiwanjani: kushusha boksi kutoka kwenye trela, kulipandisha lori dogo la kubeba kontena moja, lori liingie, kreni ilifuate, ishushe, irudi. Mara nne. Boksi moja lina uzito wa karibu tani tatu, si kitu kwa kreni ile. Kilichokula muda ni tawi la mwembe wa jirani, ambalo ilibidi likatwe kwa ruhusa na kwa fidia, pamoja na waya wa stima uliolegea ambao kijana mmoja aliuinua kwa mti mkavu mrefu huku mimi nikisoma kila dua ninayoijua.

Saa nne na nusu boksi la kwanza likaning'inia juu ya nguzo. Watoto wa mtaa wote walikuwapo. Likashuka polepole, likasimama hewani sentimita kumi kutoka zege, na kijana wa kiwanda akapiga kelele: "Pandisha!"

Bolti hazikuangukia kwenye matundu. Ziliachana nayo kama upana wa kiganja kila ncha.

Ikawa hivi. Boksi lina urefu wa milimita 6,058 kwa nje. Lakini matundu ya kona hayako ukingoni, yako ndani kidogo. Kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu ni 5,853. Tofauti ni milimita 205, nusu yake huku na nusu kule. Ukurasa wa pili wa ramani unaonyesha 6,058. Ukurasa wa saba, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, unaonyesha 5,853 kwa ajili ya bolti. Fundi nilimtumia ukurasa wa pili peke yake. Alifuata alichopewa. Alinitazama mara moja tu, akasema, "Bosi, mimi nilipewa hii picha," akanionyesha simu, jambo hilo likaishia hapo kati yetu.

Kreni hulipwa kwa siku, na siku inahesabika tangu iwashe injini yadi. Kijana wa kiwanda alikuwa ameona hili kabla. Bolti zote 16 zikakatwa kwa grainda hadi usawa wa zege, maboksi yakashushwa yakakaa kwa uzito wake, na wazo likawa kutoboa zege upya kupitia matundu yenyewe na kutia bolti mpya kwa gundi ya kemikali. Nguzo zetu ni za sentimita 40 kwa 40, kwa hiyo tundu jipya bado liko mbali na ukingo kiasi cha kuridhisha. Tungezifanya nyembamba, kama nilivyotaka ili kuokoa saruji, leo tungekuwa tunavunja nguzo.

Boksi la nne limekaa saa kumi na moja jioni. Kwa macho ni nyumba. Kaka ameona kwa video, amelia, na sikumwambia lolote kuhusu bolti.

14 Februari

Mama ameletwa kuona. Alizunguka nyumba yote kwa nje, fimbo mkononi, akainama kadiri magoti yalivyomruhusu, akatazama chini ya kona.

"Imefungwa?"

Nikasema bado, gundi inakuja kesho.

"Basi usiku wa leo ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimlipa mlinzi.

17 Februari

Bolti 16 zimetiwa. Tundu linapigwa brashi na kupulizwa vumbi mara tatu kabla ya gundi, vinginevyo gundi inashika vumbi badala ya zege. Saa 24 bila kuguswa, kisha zikakazwa kwa spana ya kupimia. Nimempeleka Mama picha ya kila moja. Ameomba nizihesabu mbele yake.

9 Machi

Ramadhani ina wiki ya kwanza, kazi ni nusu siku na ndivyo inavyotakiwa. Fundi wa stima amefunga waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Nyumba ya chuma haina mzaha hapa: fremu yote lazima iunganishwe na ethi, na kwenye boksi la swichi iwepo ile inayokata yenyewe umeme ukivuja, ya miliampu 30. Fimbo moja ya ethi haikutosha, mwamba wa matumbawe haupitishi umeme vizuri na fimbo haiingii. Ametia tatu, zimelazwa kwenye mtaro wa udongo mweusi tulioununua. Kipimo kimeshuka, cheti kimepatikana.

Joto ndani saa nane mchana, bila paa la pili, madirisha wazi: nyuzi 37. Nje 33. Kaskazi umelegea, hata pazia halichezi. Pesa za paa la pili zilikwenda kwenye lori dogo na bolti.

2 Aprili

Kaka alikuja kwa Idd. Alisisitiza kulala Utange usiku wa kwanza "aionje nyumba". Saa saba usiku alikuwa nje juu ya mkeka, kifua wazi. Asubuhi akatoa pesa za paa la pili bila mjadala. Ningejua hivyo ningemlaza humo Februari.

19 Aprili

Masika yametuwahi. Paa la pili nusu lilikuwa halijaezekwa ilipokuja ile ya juzi, mvua ya kusi inayopiga kwa ubavu. Kati ya boksi la pili na la tatu maji yameingia, laini moja ndefu darini, kama mtu amechora kwa penseli.

Maungio ya juu ni matatu, kila moja mita sita, yamefunikwa kwa utepe wa mpira na kofia ya bati juu yake. Kijana wa kiwanda alipiga silikoni kwa simu, namaanisha aliniambia kwa simu nipige silikoni. Fundi wetu wa mabati, mzee ambaye hakuwahi kuiona nyumba ya namna hii, alipanda akaangalia dakika moja. Kofia zimetiwa vipande viwili viwili, na kipande kimelala juu ya mwenzake kwa namna ambayo mdomo umeelekea kusini. "Mmeufungulia upepo mlango," akasema. Mabati pwani hulazwa mdomo ukiupa kusi mgongo. Akazifungua, akazigeuza, akatia utepe mpya. Imenyesha mara mbili tangu hapo, na dari ni kavu.

10 Mei

Paa la pili limekamilika, kilemba cheupe juu ya maboksi. Joto ndani saa nane mchana nyuzi 30, nje 30. Sawa na kivuli cha mwembe, na mimi sikuwahi kutaka zaidi ya hapo. Kusi unaingia dirisha la chumba cha Mama na kutokea jikoni. Ukiacha karatasi mezani inakwenda nayo.

Maji ya paa yanaingia tangi la lita 5,000. Paa ni kama mita za mraba 100, kwa hiyo kila milimita kumi za mvua ni karibu lita elfu, ukiacha za mwanzo zioshe vumbi. Mei hii tangi limejaa mara kadhaa na tumemwaga. Januari tutayakumbuka, tukinunua madumu kwa mkokoteni.

Mama amehama leo. Vitu vyake vimeshuka zile ngazi 34 mabegani mwa hamali wawili, kitanda cha samadari kikiwa vipande. Yeye alishuka wa mwisho, bila kunihadithia kitu.

28 Mei

Kutu. Kwenye bolti zinazounganisha boksi na boksi, vichwa vyote vya upande wa kusini vina madoa ya rangi ya chungwa. Miezi mitatu na nusu! Hizi ndizo zile "za kawaida". Zinki yake imepakwa kwa umeme, utando mwembamba wa mikroni chache. Zilizozamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka zina utando mzito mara kadhaa, na ndizo zinazofaa huku. Fremu na kuta hazina doa hata moja, nimezikagua kwa tochi.

Asilimia 10 bado ninayo mkononi. Nimewapigia, nikasema kwa upole: bolti mpya za kuzamishwa zifike, zifungwe moja moja, kisha nyaraka za malipo. Wamesema wataangalia. Nikasema nami nitaangalia.

16 Juni

Bolti zimefika kwa basi, kifurushi kizito kuliko mtoto. Tunatoa moja, tunatia moja, hatufungui mbili kwa wakati mmoja. Mama alikaa kiti cha plastiki akasimamia kazi nzima, akiuliza kila mara, "Hiyo nyingine iko wapi?" Salio la kiwanda nimelipa jioni.

20 Julai

Jambo lililobaki ni moto. Jikoni kuna jiko la gesi, lakini Mama hapiki mahamri wala wali wa nazi kwa gesi, na makaa sitaki yaingie kwenye nyumba yenye povu ukutani, hata kama ukuta wa jikoni wenyewe ni wa pamba ya mawe. Tukakubaliana jiko la nje, upande wa kaskazini-magharibi, hatua tano kutoka mlango wa nyuma: kuta tatu za mawe ya matumbawe, paa la makuti lililoinuliwa juu, mafiga, na kibaraza cha kukaa mtu mwenye magoti mabovu.

Mawe yalichelewa machimboni. Fundi alipata msiba, akaenda Kaloleni siku tisa. Mchanga wa kwanza ulikuwa na chumvi tukaurudisha. Makuti yalikuja pungufu. Mama alibomoa ukuta mmoja kwa mdomo wake kwa sababu ulimficha asione geti.

Jiko limekwisha jana. Maboksi manne yalishushwa kwa siku moja. Jiko la mita mbili kwa tatu limechukua wiki tano. Leo asubuhi amepika mahamri ya kwanza na kuwapelekea waliokatiwa tawi la mwembe.